Chenga Si Punje

Kwenye matanga, aibu ya foto hufika kabla ya aibu ya wali kuwapungukia wageni. Foto ya marehemu imesimamishwa mezani mbele ya jeneza: ukubwa wa A3, fremu ya plastiki yenye rangi ya dhahabu, shada la maua pembeni, na picha yenyewe nyeusi na nyeupe, kwa heshima. Mgeni aliyeshuka asubuhi kutoka Kibumba anaisogelea, anavua kofia, anaitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha anamwinamia jirani na kunong'ona kwa sauti inayofika hadi barabara ya Rutshuru: "Huyu ni baba au ni mama?" Hakuna anayecheka, maana ni msiba. Lakini tangu hapo kila anayeingia anaitazama foto kwanza, halafu wafiwa, kama mtu anayelinganisha bei. Uso wa mzee umejaa madoadoa, mashavu yamekatika vipande vya mraba, macho ni mashimo mawili ya makaa, na anga nyuma yake inachemka kama uji. Mtu aliyeishi hapa Kibati, karibu na Goma, mashariki ya Kongo, miaka sabini chini ya volkano bila kuonekana hata siku moja amejaa majivu, leo amemwagiwa majivu na mpwa wake mwenye simu. Aibu hii haipoi, kwa sababu haipewi nafasi ya kupoa: matanga haya yanaisha Jumatano, Jumamosi yanaanza mengine, na foto ya namna ileile iko mezani.

Mpwa huyo anastahili kutetewa kabla ya kuhukumiwa. Mzee hakuwa na foto ya peke yake. Kulikuwa na moja tu, ya arusi, saa moja jioni, watu ishirini na wawili chini ya balbu moja, ikiwa imeshapita katika WhatsApp mara nne. Uso wa mzee, katika foto hiyo, una upana wa pikseli 120 hivi. Uvute uso huo hadi sentimita 20 kwenye karatasi ya A3, na kila pikseli inakuwa mraba wa karibu milimita 1.7, yaani ukubwa wa mbegu ya ulezi. Kwa hiyo mzee hakuchapishwa, alipandwa. Mpwa aliona madoa ya kijani shavuni na ya zambarau kidevuni, akashtuka, akatafuta kitufe cha kuyafuta, akakuta kile kinachosema nyeusi na nyeupe. Rangi mbaya ikatoweka, akashusha pumzi. Kosa lake ndilo kosa la karibu kila mtu mwenye simu: kuamini kwamba nyeusi na nyeupe ni blanketi la kufunikia foto mbaya. Mimi nadai kinyume. Nyeusi na nyeupe humvua mtu blanketi. Foto ikishanyang'anywa rangi, kinachobaki ni mwanga na giza tu, na uchafu uliokuwa umejificha ndani ya rangi unatoka nje na kukaa usoni. Kiswahili chenyewe kimeshatupa maneno ya kutenganisha mambo haya mawili, nayo yametoka kwenye ungo wa mchele. Kuna punje, ambayo ni nzima, ina umbo, na ndiyo chakula. Na kuna chenga, vipande vilivyovunjika, neno ambalo watazamaji wa televisheni walilichukua zamani kuelezea kioo kinachonyesha theluji badala ya mpira. Filamu ilikuwa na punje. Simu ina chenga. Anayechanganya hivi viwili atawalisha wageni mawe.

Ili kuelewa chenga zinatoka wapi, hakuna mahali pazuri duniani pa kujifunzia kuliko Kibati, kwa sababu hapa watu wanajua kukinga mvua. Mwamba wa volkano unameza maji. Hakuna kijito cha kukimbilia. Kwa hiyo mvua ikianza, kila chombo kinatoka nje: sufuria, beseni, bidoni lililokatwa shingo. Sasa fikiria umepanga vikombe elfu uwanjani, vyote sawa. Mvua ya radi ikipiga, kila kikombe kinapata matone mengi mno hata tofauti kati ya kimoja na kingine haionekani. Uwanja mzima umejaa sawasawa. Lakini ikiwa ni manyunyu ya dakika moja, kikombe hiki kina matone tisa, cha jirani kumi na matatu, cha tatu saba, na hakuna aliyekosea. Mvua ndivyo ilivyo, haihesabu. Mwanga nao ni hivyohivyo. Unaanguka kwa matone, na kila pikseli ni kikombe. Hesabu yake ni nzuri kiasi cha kumfanya mtu asahau msiba: yumba yumba ya matone, yaani tofauti kati ya kikombe na kikombe, ni kipeuo cha pili cha idadi yake. Kikombe kikipata matone 10,000, yumba yumba ni 100, yaani asilimia 1, na shavu linaonekana laini. Kikipata matone 100, yumba yumba ni 10, yaani asilimia 10, na shavu linaonekana kama barabara. Simu inapokuwa gizani haiongezi hata tone moja. Inachofanya ni kuzidisha ilichonacho, mara nane, mara thelathini, na kuzidisha yumba yumba pamoja nacho. Ni sawa na kupima manyunyu kisha kutangaza kwa kipaza sauti kwamba kulikuwa na gharika. Ongeza kwamba kihisi cha simu ya kawaida hakizidi ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, na vikombe vyake ni vidogo mno, na utaona kwamba mzee wetu alipoteza uso wake pale arusini, chini ya ile balbu, kabla mpwa hajagusa kitufe chochote.

Lakini kitufe nacho kina dhambi zake, na hapa ndipo jambo linanoga. Vikombe vya kamera havioni rangi. Kila kimoja kimefunikwa kioo kidogo chekundu, kijani au buluu, kwa mpango ambao mhandisi wa Kodak, Bryce Bayer, alipewa hataza yake mwaka 1976: katika kila vikombe vinne, viwili ni vya kijani, kimoja chekundu, kimoja buluu. Kamera ya pikseli milioni 12 ina vikombe milioni 6 vya kijani, milioni 3 vyekundu na milioni 3 vya buluu. Rangi zilizobaki za kila kikombe ni kubahatisha kwa adabu. Chini ya balbu ya manjano buluu karibu haipo kabisa, kwa hiyo vikombe vya buluu vinakinga manyunyu wakati vyekundu vinakinga mvua. Chenga zikiwa bado katika rangi, jicho linazisamehe, maana jicho la binadamu ni hodari kuona mwanga na giza lakini ni zembe kwa rangi ndogondogo: doa jekundu karibu na doa la buluu linayachanganya na kusonga mbele. Kisha anakuja mpwa na vitelezi vya rangi vya programu yake. Anataka anga nyeusi yenye radi, kama aliyoiona kwenye kalenda. Anavuta nyekundu juu na buluu chini. Programu inatii: kila chembe iliyoegemea uwekundu kwa bahati mbaya inakuwa nyeupe, kila iliyoegemea ubuluu inakuwa nyeusi, na uso wa mzee unageuka chumvi na pilipili. Chukua hesabu yenyewe. Kanuni ya zamani ya televisheni hutengeneza kijivu kwa asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya buluu. Badala yake weka nyekundu 170, kijani hasi 20 na buluu hasi 50, jumla bado ni 100, mwanga wa jumla uleule. Lakini hata kama rangi zote tatu zingekuwa na chenga sawa, chenga za kijivu kipya zimeongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Na hazikuwa sawa. Ukitoa buluu hutoi uchafu wake. Unauongeza, kwa sababu chenga haijui kujumlisha na kutoa, inajua kuongezeka tu, kama deni la duka.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote umesimama juu ya vichwa vyetu. Volkano ya Nyiragongo ina urefu wa mita 3,470, na kituo cha walinzi wa Hifadhi ya Virunga ambako wapandaji walikuwa wakianzia safari kiko hapa Kibati. Kwa miaka mingi usiku wingu la juu ya kreta liliwaka jekundu, na hakuna kijana mwenye simu ambaye hakulipiga. Geuza foto hiyo kuwa nyeusi na nyeupe kwa kanuni ile ya televisheni. Wekundu mtupu, ule mkali kuliko wote, ambao katika kipimo cha 0 hadi 255 umefika 255, unatoka kwenye mashine ukiwa 76. Ni kijivu cha majivu ya jana. Moto ulioingia Goma tarehe 17 Januari 2002, na ukakata barabara ya Rutshuru katika mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, unatolewa na kitufe kimoja ukiwa kama jiko lililozimwa. Chagua buluu peke yake, na mlima unatoweka kabisa. Zinabaki chenga tupu. Chagua nyekundu peke yake, na wingu linakuwa jeupe, safi, zito, la kutisha, na chenga zinanyamaza, kwa sababu matone yote yalianguka kwenye vikombe vile. Somo ni moja: hakuna kijivu cha asili. Kila kijivu ni uamuzi wa mtu, na mtu asipoamua, mashine inaamua kwa niaba yake, na mashine haijawahi kulala Kibati.

Sasa nasikia pingamizi, na ni pingamizi la heshima: foto za zamani zilikuwa na chembe, na ndizo tunazozipenda. Kweli. Lakini punje ya filamu ni fedha halisi, fuwele zilizogeuka nyeusi palipopigwa na mwanga; punje haijakaa juu ya picha, ndiyo picha yenyewe. Haina rangi, haina pembe za mraba, hailingani kwa ukubwa, na inaonekana zaidi katika vijivu vya kati huku ikipotea ndani ya weusi mzito. Chenga za simu zina tabia nyingine: zinakaa vivulini, hasa pale ambapo uso mweusi umewekwa na kamera isiyojua kazi yake. Mfano mzuri ni mpiga picha Sebastião Salgado. Mwaka 1994 alizipiga picha kambi za wakimbizi kandokando ya Goma, Kibumba ikiwemo, kwa filamu nyeusi na nyeupe. Baadaye alihamia kamera za dijitali, na foto zikatoka safi mno, laini kama sahani. Alifanya nini? Aliziongezea punje kwa programu, zifanane na filamu ya Tri-X aliyoizoea. Angalia mpangilio wa kazi: kwanza foto safi, kisha punje iliyochaguliwa. Hakuchukua chenga za kamera akazibatiza jina la punje. Na punje hiyo ina kazi, si urembo tu. Ukungu wa Kibati unaoteremka taratibu kutoka mlimani, ukihifadhiwa katika vijivu 256 vya faili ya kawaida na kusafishwa kupita kiasi, hukatika ngazi ngazi kama shamba la matuta. Punje nyembamba huvunja ngazi hizo, na ukungu unakuwa ukungu tena.

Pingamizi la pili ni la vijana: akili bandia imeshamaliza tatizo hili, bonyeza tu. Nakubali kwamba mashine hizo ni hodari. Ubaya ni kwamba haziondoi chenga na kuacha uso. Mahali ambapo uso umepotea, zinaleta uso mwingine. Pikseli 120 hazikubeba kovu la mzee juu ya nyusi, kwa hiyo mashine inaliacha. Hazikubeba mikunjo yake, kwa hiyo inampiga pasi. Inamrudishia meno, inamng'arisha ngozi, na kule kwenye matanga swali linabadilika kutoka "huyu ni baba au ni mama?" na kuwa "huyu mgeni mzuri ni nani?" Kama uso haukurekodiwa, jibu la haki ni kuchapa foto ndogo. Uso wa sentimita 3 unaotambulika una heshima kuliko wa sentimita 20 unaobishaniwa, na ni rahisi kwa fremu pia.

Kwa hiyo utaratibu ni wa jikoni, na ukifuatwa kinyume chakula kinaharibika. Pepeta kwanza, pika baadaye, chumvi mwisho. Ondoa chenga za rangi wakati foto bado ina rangi, na uziondoe bila huruma, kwa kuwa hizo hazibebi sura ya mtu. Chenga za mwanga ziguse kidogo tu, maana humo ndimo mna vinyweleo, mikunjo na nyuzi za kitenge. Kisha geuza kuwa nyeusi na nyeupe kwa mkono mwepesi. Ngozi yetu ya kahawia hurudisha wekundu zaidi kuliko buluu, na balbu nayo ni mtoaji wa wekundu. Basi nyekundu na kijani ndizo za kutegemea, na buluu iachwe karibu na sifuri, isishushwe chini yake ili kupata radi za kalenda. Usinoe foto nzima, kwa sababu ukinoa chenga unapata miba. Ipunguze hadi ukubwa wa kuchapwa. Hapo tu, mwisho kabisa, ukipenda, nyunyiza punje, kwa ukubwa wa karatasi utakayotumia, si wa kioo cha simu. Anayesema hana fedha ajue kwamba darktable na RawTherapee, programu za kompyuta zinazofanya yote haya, hazilipiwi hata faranga moja. Na simu yenye hali ya usiku inafanya upepetaji kabla ya mtu kuamka: inapiga foto nyingi haraka na kuzichanganya, nne hupunguza chenga nusu, kumi na sita hadi robo. Sharti ni kwamba anayepigwa atulie, jambo ambalo wazee hulitimiza na watoto hawajawahi.

Pingamizi la tatu linauma, na sitalikwepa. Watu wa Kibati, ataniambia mtu, wamekimbia vita mwaka 2008, wakakimbia tena 2012 na 2013, wakakimbia tena miaka ya karibuni. Na wewe unakaa kulia juu ya chenga? Nalia ndiyo, na kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 2008 makumi ya maelfu ya wakimbizi walipanga vibanda juu ya lava hapa, na wapiga picha wa dunia wakaja. Nyuso zetu zimetembea kuliko sisi. Mpiga picha mmoja, Richard Mosse, alikuja mashariki ya Kongo na filamu ya kijeshi inayogeuza majani kuwa waridi, na mwaka 2013 milima yetu ikaonyeshwa Venice ikiwa na rangi ya peremende. Wengine walitutaka katika foto nyeusi na nyeupe, yenye punje nene, kwa sababu punje imekuwa muhuri wa ukweli pale anayepigwa ni maskini. Tajiri hupigwa laini, mkimbizi hupigwa chembe. Punje ileile ikiwa ya mgeni inaitwa sanaa, ikiwa ya kijana wa studio ya Kibati inaitwa simu mbovu. Na vifaa vyenyewe havikutengenezwa vikitufikiria. Kadi ambazo maabara za Kodak zilitumia kupimia rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na wachunguzi wa historia ya kampuni hiyo wameeleza kwamba filamu ilianza kuboreshwa kwa vivuli vya kahawia baada ya malalamiko ya watengeneza samani na wauza chokoleti. Kabati lilisikilizwa. Chokoleti ilisikilizwa. Uso ulingoja. Mpaka leo kamera ikiona ukungu mweupe na gauni jeupe la bibi arusi, inasema mwanga umetosha, inashusha kila kitu, na wenye ngozi nyeusi wanatumbukia vivulini, huko huko chenga zinakokaa. Mtu anayekimbia hana nafasi ya kubeba albamu. Anabeba mtoto, sufuria na simu, na foto iliyo ndani ya simu ndiyo ushahidi wake pekee kwamba alikuwa na mama. Ikiwa foto hiyo haimtambulishi mama, amekimbia na sufuria tu.

Kuna misiba midogo ambayo sitaipa nafasi: fotokopi ya kitambulisho ambayo ni masikio mawili na doa, foto ya chukudu, kile kigari cha mbao, iliyopigwa ikiteremka, ambayo ni mvuke, na ile foto ya mtoto aliyebatizwa, ambapo kitambaa kimeonekana vizuri sana.

Hukumu yangu ni hii: chenga haziondolewi kwenye matanga. Zinaondolewa miaka kumi kabla, kwa mwanga. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kesho saa nne asubuhi mwite baba, au shangazi, au bibi yako. Msimamishe mlangoni, ndani ya kizingiti, uso ukielekea nje, ukungu ukimwangazia mbele. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, pandisha mwanga kidogo, mwambie atulie, piga foto tano. Akikuuliza za nini, sema ni za kumbukumbu. Usimwambie za A3.